Mapazia ya Mashati

Mume wangu mpenzi,

Natumai u mzima huko kazini. Mimi sijambo. Chumba chetu ungekiona usingekitambua: ukuta nimeupaka rangi aliyobakiza fundi wa jirani, na makopo ya maziwa nimeyapanda maua. Juzi yule jirani yetu msusi aliingia akashika kiuno.

"Shoga, mapazia mazuri hivi umeyatoa wapi?"

Nikamwambia ni mashati yako, nimeyakata na kuyashona mwenyewe.

"Ehe! Na akirudi atavaa nini?"

Nilicheka, kisha nikayanyoosha mapazia. Huu mwaka wa nne hujajibu barua zangu. Nisamehe, nilichoka kuyapiga pasi bure. Kitanda nacho nimekisogeza dirishani, na siku hizi nalala katikati.

Ni mimi,
mkeo bado.