Boya la Everett

Ghuba ya Tarbell, Maine
6 Julai

Mwanangu Delia,

Hujambo huko Portland? Sisi wazima, ila goti linamsumbua baba yako na ukungu hautaki kuondoka. Tangu usimamishe nguzo zako za sanaa mlangoni mwa bandari ukaenda zako, hapa hapatulii. Watalii wanapiga picha mpaka wanazama kwenye tope. Bi Verna wa dukani anaziita takataka zenye kibali. Hayo nayavumilia. Lakini nguzo ya mwisho umeifungia boya la njano lenye mstari wa kijani. Kwa nini, mwanangu? Tangu baba yako alione, anatoka, anaingia, chai inapoa.

Mama yako


Portland, 11 Julai

Mama mpendwa,

Mimi mzima, ila sipati usingizi. Nguzo zote zina maboya ya wavuvi wetu, nami nilitaka kaka Everett awemo. Rangi zile ni zake, hakuna mwingine anayezipaka, nikaona ndiyo heshima. Mashua yake imepotea naye baharini miaka minne sasa, na hata ibada ya kumuaga hatujamfanyia kwa sababu Baba hataki kusikia. Kibali kinaisha Agosti. Mwombe anikaripie kwa simu, maana kimya chake kinanitesa.

Bintiyo


Ghuba ya Tarbell, 20 Julai

Mwanangu,

Pole na usingizi. Nimemwambia, akatoka nje.

Umesahau ulikozaliwa? Boya la mtu likielea, maana yake anavua. Dukani wanakucheka, lakini asubuhi kila mashua inaipisha nguzo ile, na hakuna anayetega karibu, ingawa kambakoche wa msimu huu wako palepale. Mvuvi Corliss amesema hawezi kutega juu ya mitego ya mwenzake. Nikamwambia hakuna mitego pale. Akasema anajua.

Baba yako anashinda dirishani na darubini. Akiona wanavyopisha, anatabasamu. Naogopa, Delia. Liondoe.

Mama yako


Portland, 24 Julai

Mama,

Msalimie Baba, hata asipoitikia. Nakuja wiki ijayo kuliondoa. Nilitaka kumuaga kaka, kumbe nimemrudisha kazini. Baba akinifukuza nitalala garini.

Bintiyo


Ghuba ya Tarbell, 29 Julai

Mwanangu,

Tu wazima, na leo nasema kweli. Barua yako niliisoma mezani kwa sauti. Baba yako akamaliza kula, akavaa buti, akashuka gatini. Nilidhani anakwenda kulikata lile boya, nikamfuata. Kumbe alikuwa anamsubiri Corliss arudi. Mbele ya watu wote akamwambia, "Tega pale, Corliss. Mwanangu amekufa."

Corliss akavua kofia.

Miaka yote hii nimelilia bafuni, bomba nimelifungulia ili asinisikie. Jana nililia gatini, naye akanishika. Boya amekataa liguswe kabla ya kibali kuisha.

Njoo hivyo hivyo. Mchungaji ameuliza nani atamsemea Everett kwenye ibada kanisani, na baba yako amekutaja wewe.

Mama yako