Wimbo Uliokuwa Ukifukuza Ndege

Baba,

Nimekosa, na kabla sijakusalimia vizuri acha niseme nimekosa nini. Wimbo wako niliutundika shambani kufukuza ndege.

Ndiyo, kwenye mtama wa kule chini karibu na mto. Tangu tukuzike ni miezi mitano, na mtama ulipoanza kutia punje ndege walikuja kama kawaida yao. Nilikuwa nimefunga shule ninayofundisha kule Kaaga, nimerudi hapa Karurumo kuangalia shamba lako, na ni nani angeshinda pale akirusha mawe kama wewe? Nikafanya vile majirani wote hufanya. Nikatafuta kaseti kuukuu, nikavuta utepe wake, nikaufunga kwenye vijiti mstari baada ya mstari, upepo ukipita uvume na kumetameta, ndege waogope. Katoni yako ya kaseti ilikuwa chini ya kitanda. Za mahubiri sikuzigusa. Za kwaya pia sikuzigusa, ningeanzaje, mimi binti wa mzee wa kanisa? Nikachukua ile moja ambayo haikuandikwa kitu, nikadhani ni tupu.

Wewe ndiye uliyetufundisha kuandika jina kwenye kila kitu, hata mpini wa jembe. Sasa hiyo moja ilikushinda nini? Nilikukasirikia, Baba, sikufichi. Nilikasirika kwanza, kulia kukaja baadaye.

Hivi ndivyo nilivyojua. Jumanne moja alifika mzee mrefu kutoka Timau, amevaa koti zito la baridi na huku kwetu jua linachoma. Akasema anaitwa Baba Mwenda, kwamba habari ya kifo chako ilimfikia wiki hiyo hiyo, na kwamba zamani mlipiga muziki pamoja. Nikadhani anasema kwaya. Nikamwekea chai, nikamuuliza alikuwa akiimba sauti ya ngapi. Alicheka hadi akakohoa.

“Kwaya gani, mwalimu? Sisi tulikuwa tunapiga roki.”

Roki. Wewe uliyekuwa ukizima redio Jumapili hata kabla ya habari. Aliniambia mlikuwa vijana wanne, nchi ikiwa bado changa, nywele zimesimama na suruali zinafagia njia. Yeye ngoma, wewe gitaa na sauti. Kinanda cha kukanyaga kwa miguu mlikitoa kanisani mkisema kinaenda kutengenezwa. Mlitunga wimbo mmoja wa dakika ishirini na tatu, hauna kiitikio, hauchezeki. Mkaenda kuurekodi Nairobi kwa siku moja, na wenye studio wakasema hakuna sahani ya santuri ya kuuingiza wote, ukatwe ubaki dakika tatu. Mkakataa. Mkapewa utepe wenu, mkarudi, kila mtu akashika jembe lake. Ule utepe mkubwa ulioza kwa Baba Mwenda, paa lilipovuja. Nakala ilikuwa moja tu, uliyojiwekea kwenye kaseti.

“Iko wapi?” akauliza. “Nimetoka Timau nikisema nitaisikia tu mara moja, halafu niende zangu.”

Nilimshika mkono, nikampeleka kwenye mtama. Upepo ulikuwa unavuma na ule utepe ulikuwa unaimba kwa ile sauti yake ya nzi. Baba Mwenda alivua kofia. Nilingoja matusi, na ningeyastahili.

“Kumbe ndege ndio wamesikia kwanza,” akasema, akaanza kufungua fundo.

Alilala kwetu siku tatu. Tulifungua mistari yote, tukaipangusa vumbi kwa kipande cha shuka yako ya zamani, tukaunga kwa selotepu iliyokatwa nyembamba kwa wembe. Nilikumbuka nilianzia upande wa choo nikishuka kuelekea mtoni, kwa hiyo mpangilio wa shamba ukawa mpangilio wa wimbo. Tukaukunja ndani ya kaseti nyingine kwa biro, tukizungusha kwa zamu hadi vidole vikauma. Kipande kimoja tulipokijaribu kilinyamaza tu, tukakigeuza, kikasema. Mstari wa sita haukuwepo. Tuliuona juu ya mgunga wa mtoni, mnana ameusuka ndani ya kiota chake, na makinda yanalia humo.

Alasiri ya siku ya tatu tukaweka redio kaseti juu ya meza yako. Kwanza kinanda peke yake, polepole, nikasema huyu Baba anaanza utenzi wa kanisani. Halafu gitaa likaingia likikwaruza na kulia, ngoma zikafuata, na ule utenzi ukageuka kitu ambacho hadi leo sina jina lake. Kila nikidhani nimeujua wimbo, unabadilika. Unakimbia, unasimama, unarudi hadi kwenye sauti moja ya kinanda, unapanda tena. Kisha wewe ukaimba. Kwa Kiembu, Baba. Unasema wingu limeshuka mlimani limefunika mashamba, na mtu anamtafuta ng'ombe wake ndani ya wingu hilo, akimwita kwa jina. Jua lilikuwa limekula sauti mahali fulani, mahali pengine ni vumbi tupu, lakini ulikuwa wewe, mdogo kuliko nilivyo mimi sasa. Nilikula na wewe kwenye meza hii miaka yote hiyo na sikujua nakula na nani.

Ila meza ingeniambia. Unakumbuka ulivyokuwa ukiigonga ukingoja chai? Mara saba, mara saba. Nikiwa darasa la pili nilijaribu kugonga nawe, nikapotea, nikakuuliza mbona unaruka moja. Ulisema, “Gonga tu, mkono utazoea.” Haukuzoea, nikaacha.

Tulipofika pale palipokosa mstari wa sita, Baba Mwenda alizima redio. “Hapa nilikuwa napiga peke yangu,” akasema, akaanza kuigonga meza kwa viganja vyake viwili. Saba, saba, saba. Nikaweka mkono wangu. Nikakosa. Nikakosa tena, naye hakuningoja. Halafu sijui ni nini kilitokea, nikajikuta ndani, mkono unajua wenyewe pa kuangukia, na vikombe vinaruka pamoja nasi. Akabonyeza redio kwa kiwiko bila kuacha kupiga. Gitaa lako likaingia palepale tulipokuwa. Tuliangaliana, mzee mmoja na mwingine anayeukaribia uzee, tunalia kama watoto na hakuna aliyepoteza hesabu.

Baba Mwenda amerudi Timau na nakala tuliyomrekodia. Kile kipande cha mnana nimekiacha, makinda bado hayajaruka. Ndege wamekula mtama, utavumilia. Kaseti nimeiandika jina lako kwa biro nyekundu, nikairudisha kwenye katoni katikati ya mahubiri.

Pumzika sasa. Nakuahidi kila Jumapili nikiwa hapa, tukitoka kanisani, nitauweka wimbo wako kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na pale kwenye pengo nitagonga mimi. Mkono umezoea, Baba.

Wako,
Wawira