Debe la Oili Kutoka Thika

Rafiki yangu Njuguna,

Ni mimi Wafula, mwenzako wa mashini ya posho. Sijui kama barua hufika huko uliko, lakini hapa Ruiru sina mtu wa kumwambia haya.

Mashini bado inanguruma. Nafanya vile ulivyonifundisha: oili chafu ya malori ituame siku saba kwenye debe lake, ipashwe moto iwe nyepesi, ichujwe kwa blanketi, halafu debe moja lichanganywe na matatu ya dizeli. Unakumbuka tajiri wetu alivyotucheka? Alisema injini itakufa kabla ya saa sita. Ikasaga mpaka mahindi ya watu yakaisha, nawe ukashika kiuno ukasema, "Hata uchafu una kazi yake, wakini." Wakini, mtu wa rika lako! Mimi wa Bungoma! Nilifurahi sana siku hiyo.

Lakini kuna kitu hapa hakiko sawa. Tangu siku ya moto pua yangu imekufa. Sisikii harufu ya moshi, ya unga, wala ya mvua. Hilo ningevumilia. Shida ni akina mama wanaorudisha unga wakisema unanuka petroli. Nimesugua mawe ya kusagia, nimenawa mikono kwa majivu mpaka ngozi ikachubuka, na bado wanarudi. Haki ya Mungu, petroli hapa hakuna hata tone! Na kila nikifungua debe, nasikia mtu nyuma yangu akiuliza kwa sauti yako, ile ya mafua, "Umenusa?" Nikigeuka naona blanketi lako tu kwenye kamba, linadondosha oili, na mimi sijaligusa wiki nzima.

Unajua kwa nini naulizwa hivyo.

Kwa sababu ya Hali ya Hatari waliyoitangaza wakoloni, nyinyi Wakikuyu mlinyimwa pasi ya kwenda Thika. Mimi niliachwa nipite, kwa hivyo kuchukua madebe gereji ikawa kazi yangu. Ulinipa sharti moja: kila debe nilinuse pale pale, maana mafundi huosha vyuma kwa petroli na kuimwaga humo humo, na petroli haipelekwi karibu na moto. Hapa nawe ulikuwa unanusa tena. Lakini Jumanne ile mafua yalikuziba pua kabisa. Ukainama juu ya moto, debe mkononi, ukaniuliza, "Umenusa?" Nikakujibu, "Nimenusa."

Nilikudanganya. Kule gereji jua lilikuwa kali, nimechoka, nikaona madebe ni yale yale ya kila siku. Moto ulikurukia kabla sijageuka. Nisamehe, Njuguna. Nisamehe, bwana.

Watu wakasema ulikuwa unavuta sigara. Wewe, uliyekataa hata ugoro! Tajiri alisema hivyo, nikanyamaza. Wakarudia kaburini, mimi nimeshika sepeto, nikanyamaza. Sasa Wangari wako akipita sokoni wananong'ona eti mumewe alijichoma kwa upumbavu wake, na yeye anainamisha kichwa kana kwamba ni kweli.

Jana alileta mahindi, nikamsagia. Akachota unga kiganjani, akaunusa. Halafu akanishika mkono, akaunusa pia, polepole. "Wafula," akasema, "hii ni harufu ya nguo tulizomvua siku ile." Akajitwika karai lake akaenda. Hakuniuliza kitu. Heri angeniuliza.

Kesho ni Jumapili. Ibada ikiisha nitasimama mbele ya watu wote, Wangari akiwepo, niseme ni nani aliyedanganya. Wakinifukuza, nitaenda. Wakiniitia polisi, nitangoja hapo hapo. Jina lako halitalala na uongo wangu siku nyingine. Hiyo ni ahadi, na barua hii nitaiweka chini ya jiwe la kaburi lako ili unishike nayo.

Pumzika sasa, wakini. Toka hapo nyuma ya mgongo wangu, ukapumzike.

Ngoja. Nilipoinua karatasi niikunje, kuna kitu kimenipanda puani. Ni petroli, Njuguna. Ni kali, inatoka kwenye maneno haya, wino haujakauka. Uliza tena, nami leo nitakujibu ukweli.

Nimenusa.

Wafula