Kikombe cha Kumi na Sita

Tromsø,
Januari 11

Mama yangu Borghild,

Na zile soksi, nilizokuwa nikikueleza Jumapili kabla hujasema chungu kinachemka ukakata simu, zimefika salama, jozi mbili. Za Eilif zimemkaa kama ngozi yake mwenyewe. Amezivaa siku tatu mfululizo, mpaka nikamtishia kwamba nitamvua akiwa usingizini nizifue. Akacheka, Mama, na siku hizi mwanao akicheka huwa nasimama kidogo nisikilize, maana kicheko chake kimekuwa cha nadra.

Nitangulize salamu basi, nimeanza barua kwa miguu badala ya kichwa. Hujambo? Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi hii? Na yule paka amerudi, au bado amehamia kwa jirani? Sisi huku tu wazima, tunakula, tunalala, tunapendana. Hilo la mwisho nalisema bila haya, kwa sababu miezi mitatu na nusu ya ndoa haijanitosha hata kidogo. Nikisikia buti zake ngazini moyo bado unaruka kama wa msichana wa shule. Akiingia na theluji kwenye nyusi nasahau kama nilikuwa nakata vitunguu au viazi. Jirani wa chini aliniuliza mapenzi haya yataendelea mpaka lini, nikamjibu mpaka tuzikwe. Akasema sawa, ila tuvue buti tunapokimbizana, dari yake ina nyufa.

Lakini nimechoka, Mama. Nimechoka uchovu ambao kulala hakuutoi. Jua tumeliaga Novemba, na kila asubuhi kuna watalii kumi na sita wa kuzungusha kwa basi, ovaroli kumi na sita za buluu za kuwavalisha, buti thelathini na mbili, na kila buti lina harufu yake. Naonyesha tai wa baharini, naonyesha kulungu wa theluji, namjibu mgeni hapana bibi, hawa si wale wa Krismasi, hawaruki angani. Kila siku kuna atakayeniuliza tunaishije bila jua. Zamani nilijibu kwamba tuna kahawa na tuna mapenzi, na nilimaanisha. Sasa jibu linatoka lenyewe, na mimi nasimama pembeni nalisikiliza.

Uchovu huu haukuanza na giza. Ulianza Desemba kumi na nne, siku ya yule mzee. Wewe umesoma gazetini na umemsikia Eilif kwenye simu. Naomba sasa unisikie mimi, mwanzo hadi mwisho, kisha useme utakalosema.

Unajua mwanao anavyohesabu watu. Wewe ndiye uliyemfundisha, kwenye ile mashua uliyovushia watoto wa shule: unagusa bega, unataja namba, unagusa linalofuata, na usiyemgusa hayumo. Kwenye basi letu alifanya vivyo hivyo. Madereva wenzake walimtania mno. Torgeir, anayeendesha basi la pili, alikuwa akimwita Mchunga Kondoo, akimuuliza leo amepata wangapi na manyoya atawanyoa lini. Eilif alimjibu kwamba ataanza na kichwa chake Torgeir, ila hapo hapana cha kunyoa. Torgeir ana kipara. Wageni wengi walifurahi kuguswa, wachache walishtuka. Bibi mmoja kutoka Uswisi alidhani anaibiwa mkoba.

Jorunn, mwenye kampuni, aliponipanga kwenye basi la mume wangu niliona ni kama fungate imeongezwa miezi sita. Yeye usukani, mimi kipaza sauti. Juma la kwanza tu nikaanza kumsahihisha. Mimi, Mama. Nilimwambia aache kuwagusa wageni, kwamba ni mambo ya kizamani, kwamba hawa si watoto wanaopelekwa shule, na kwamba kwenye mabasi mengine yote mwongozaji anasimama mlangoni na kuhesabu kwa macho. Akasema sawa, basi mimi ndiye nitakuwa macho yake. Mjinga mimi niliyajaza maneno hayo moyoni kama manukato. Sikusikia kwamba nilikuwa nimekabidhiwa kazi.

Siku ile tulizunguka kisiwa cha Kvaløya kama kawaida. Tulisimama ufukweni penye kile kibanda cha mashua tulikopiga picha ya harusi, tukawasha moto, tukawapa wageni supu ya samaki. Eilif alinong'ona jambo sikioni mwangu, jambo la mume na mke, sitaliandika, nikacheka mpaka upawa ukanitoka na sufuria ikapinduka. Supu yote ikamwishia yeye kifuani. Koti lake la kazi, lile jekundu, lililowa chapachapa, na kwenye baridi ile nguo mbichi si mchezo. Kwenye basi kulikuwa na ovaroli moja ya akiba. Akaivaa. Ikawa mume wangu amevaa buluu kama mgeni, na skafu puani kama mgeni.

Wakati wa kuondoka upepo ulikuwa umeshaanza kurusha theluji. Eilif alikwenda viti vya nyuma kufungua kipasha joto kilichokwama. Nikasimama mlangoni, nikahesabu kwa macho. Vichwa vyote vimefunikwa, nguo zote za buluu. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Nyuma kabisa nikamwona yeye, nikamjua kwa macho, akanikonyeza. Nikatabasamu nikamhesabu. Kumi na sita.

Nilijua ni yeye, Mama. Ndicho kinachonimaliza. Sikumdhania mgeni. Nilimtazama mume wangu usoni, nikamwona mzuri, nikampa namba ya mtu mwingine.

Alipokuja mbele aliniuliza kama wote wapo. Nikamwambia wote, mpenzi wangu. Hakugeuka kutazama. Kwa nini ageuke? Nilikuwa macho yake.

Aliyebaki ni Bwana Anselmo, mwalimu mstaafu kutoka Ureno, mzee wa miaka sabini na moja. Alikuwa kwenye choo cha nje nyuma ya kibanda. Unazijua ovaroli hizo, zina zipu mpaka utosini. Kuitoa ni dakika tano, kuirudisha ni kumi. Alivua glavu ili aipate zipu, glavu ikapeperuka. Alipotoka alikuta moto unafuka na alama za magurudumu. Akaamua kutufuata kwa miguu.

Sisi tulikwenda mpaka penye mwinuko wa daraja, pale ninapogawa juisi ya moto. Huwa napanga vikombe kumi na sita kwenye sinia. Wageni wakachukua, wakapiga picha, wakasifu. Kikabaki kimoja. Nilizunguka na sinia nikiuliza nani hajapata, na kila mtu akaniinulia cha kwake. Eilif alikuja akakitazama kile kikombe kinavyotoa moshi. Alikimwaga kwenye theluji, akawarudisha watu ndani, na wakati huu aligusa kila bega. Kumi na tano. Akageuza basi.

Dereva wa katapila la kuondoa theluji barabarani alikuwa ameshamwokota njiani, amemkalisha karibu naye na kumfunga mikono kwa sweta. Dakika hamsini alikuwa nje. Hospitali walimlaza siku nne, na ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kulia haikupona. Wameikata.

Tuliporudi, Jorunn alikuwa anatungoja uani bila kofia, na ukimwona Jorunn bila kofia ujue mambo ni mabaya. Aliuliza swali moja tu, nani aliyehesabu. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua. Eilif akawa ameshasema ni yeye.

Nyumbani nililia, nikamwambia nitakwenda kusema ukweli. Akakataa. Alisema wewe ndiye uliyemfundisha kwamba mwenye usukani ndiye mwenye jibu, na kwamba mimi ni mgeni kazini na kwenye ukoo, haifai nianze kwa kutajwa gazetini. Alisema hayo huku akinifuta machozi kwa kidole gumba, na nilimpenda mpaka nikashindwa kupumua. Na nilinyamaza. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya mapenzi. Mama, nilinyamaza kwa sababu niliogopa.

Kisha ukampigia simu. Nilikuwa nimekaa karibu naye kitandani, na sauti yako ni ya mtu aliyezoea kushindana na injini, nilisikia kila neno. Ulimwambia kwamba miaka ishirini na minane umevusha watoto wa watu kwenye mawimbi, na hukumwacha hata mmoja gatini, hata yule mtundu wa kina Aslak aliyekuwa akijificha chini ya maturubai makusudi. Ukamwambia kwamba alichohitaji ni mkono tu, mkono Mungu aliompa bure, na ameona uvivu kuunyoosha. Ukasema hujui huyu ni mtoto wa nani. Angeweza kukujibu kwa sentensi moja. Alisema ndiyo Mama, umesema kweli. Tangu siku hiyo mimi unanipa salamu na soksi, na ukisikia anataka kuchukua simu chungu chako kinachemka.

Jorunn amemtoa kwenye usukani. Mwanao sasa anafua ovaroli na kukausha buti, na kikao cha kuamua kama atafukuzwa ni Jumatatu. Torgeir hamtanii tena. Anapita akimpigapiga mgongoni taratibu, na hiyo nadhani inamuuma Eilif kuliko utani wote.

Nilikwenda hospitali kumwona Bwana Anselmo na mfuko wa machungwa. Nilikusudia kumwambia. Lakini ni mcheshi yule mzee, hakunipa nafasi. Alisema vazi letu limeshonwa na mtu asiyekwenda chooni. Alisema miaka arobaini ya ualimu yeye ndiye aliyekuwa akitoka darasani wa mwisho, na uzeeni hawezi kubadilika kwa ajili ya basi la watalii. Kisha akaniambia dereva alikuja kumwomba radhi akalia, na kwamba mwanamume anayekubali kosa lake bila kutafuta wa kumsukumia ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Alinyanyua mikono kunionyesha, mmoja ukiwa na bandeji. Nilimmenyea chungwa zima, nikaondoka.

Leo asubuhi nilishuka kwenye chumba cha kukaushia kumpelekea Eilif kahawa. Hakunisikia, mashine zinanguruma mle. Alikuwa anatundika ovaroli kwenye kamba. Kila akitundika moja aliigusa bega, midomo ikicheza. Moja. Mbili. Tatu. Aligusa mabega matupu ya nguo za watu waliokwishapanda ndege kurudi kwao, mpaka kumi na sita, kisha akarudi mwanzo wa kamba akaanza upya. Niliiweka kahawa chini nikapanda juu kuandika barua hii.

Kwa hiyo nakuambia kwa mkono wangu. Mwanao hakuona uvivu kuunyoosha mkono. Mimi ndiye niliyemwambia aurudishe. Aliyehesabu siku ile ni mimi, aliyekosea ni mimi, na aliyekaa kimya wiki nne akikusikiliza unamkana ni mimi, mkwe wako, uliyemvalisha siku ya harusi pini ya fedha ya kifuani, ile ya mama yako. Huyo Eilif ni mtoto wako. Hajaacha kuwa wako hata dakika moja.

Yeye hajui kama naandika, na atakasirika. Atakasirika kwa dakika kumi, namjua, kisha ataniuliza kama nimekula. Barua hii naitia posta saa nne, na saa tano nitakuwa mlangoni kwa Jorunn. Nimeanza na wewe kwa sababu Jorunn anaweza kumnyima kazi tu. Wewe umemnyima sauti yako, na hiyo ndiyo inayomkondesha. Mimi nikifukuzwa, viwanda vya samaki bado vipo na nina mikono. Ila ukiipata barua kabla ya Jumatatu, mpigie. Usimweleze chochote. Muulize tu kama soksi zinamtosha.

Msalimie jirani, na paka kama bado ni wako. Goti ulipake ile dawa, usiiweke tu dirishani kama pambo. Eilif angekusalimu kama angejua, na mimi nakusalimu kwa heshima yote iliyobaki kwangu.

Mwezi huu hautaisha kabla hatujafika huko kwako Senja. Jua likirudi tarehe ishirini na moja tutakuwa na siku mbili za mapumziko, kama si zaidi kwa upande wangu, na nitakuja na maandazi ya jamu, yale yanayoliwa huku kulikaribisha jua, niliyoyachoma mwenyewe. Tutapanda boti ya asubuhi. Nakuomba uje gatini, Mama. Tukishuka, tuhesabu kwa njia yako. Mguse yeye kwanza. Kisha mimi nitasimama palepale nilipo, sitasogea, nione kama mkono wako utanifikia.

Mkwe wako,
Tuva