Kanisa Zima Linadhani Mwanangu Ananyonya

Mpendwa Bi Prudensia,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari nje ya kazini kwa mume wangu, hapa ughaibuni Grand Prairie, na naomba sana unijibu kabla mama mkwe hajafika kutoka Kisii, maana akifika kabla sijaamua, mwanangu atakuwa hatarini na wa kulaumiwa nitakuwa mimi. Nilijifungua mtoto wa kiume, nimwite Elia, sasa ana miezi mitatu, na alipozaliwa alikuwa mzima kabisa, akanyonya vizuri, lakini siku chache baadaye akaanza kutapika, akawa wa manjano mpaka macho, akalegea hata kulia hawezi, na tukiwa bado tunashangaa daktari mwenyewe akapiga simu, akasema ile damu waliyomtoa kisiginoni hospitalini imeonyesha mwili wake hauwezi kutumia sukari iliyo ndani ya maziwa, kwa hivyo nisimpe titi tena hata mara moja, wala maziwa ya ng'ombe, nimpe ya soya tu, na tumlete hospitali saa hiyo hiyo. Tulimkimbiza. Alilazwa, akapona, na sasa ana mashavu na anacheka, namshukuru Mungu.

Shida ni kwamba hakuna mtu anayejua. Mume wangu alinikataza, akasema, "Hii story usi-share na mtu yeyote. Daktari amesema imetoka kwetu sote wawili, sasa mathe wangu akisikia ataanza kuuliza ni ukoo gani umeleta ugonjwa, na mimi nitamwambia nini?" Basi nikanyamaza, na kwa sababu kanisani kwetu mama wa mtoto mchanga akionekana na chupa wanaanza kumuuliza kama maziwa yamekauka au anaogopa kuharibu umbo, nikawa nikiingia chumba cha akina mama najifunika leso, chupa ya soya naiweka ndani karibu na kifua, namlisha hapo hapo, na wote wanaona ananyonya, wananisifu, "Aki huyu amenona, yako ni cream tupu!" na mimi nacheka nao.

Jumapili iliyopita nilikuwa mbele na kwaya, Elia amelala kwenye chumba hicho, na rafiki yangu, nimwite Moraa, ambaye ana mtoto wake anayenyonya, akamsikia akilia, na kama tunavyosaidiana sisi siku zote akambeba akamnyonyesha. Niliporudi nilimkuta ameshamhamishia titi la pili. Akaniambia, "Usi-worry, alikuwa analia sana nikaona nimsaidie, si maziwa ni maziwa?" Bi Prudensia, nilimshukuru. Nilisema asante kwa mdomo wangu huu! Jioni mtoto akatapika, akakataa chupa, kesho yake nikampeleka kliniki, wakaniuliza amekula nini, nikasema sijui, kwa sababu niliogopa wataniandika kuwa sijui kulea, na unajua wewe mwenyewe hapa wanaweza kukunyang'anya mtoto.

Sasa mama mkwe anakuja kukaa na Elia ili nirudi kwenye shift zangu za kutunza wazee, na juzi kwa simu alisema, "Nyinyi endeni kazi, huyo niachieni. Nitamchemshia maziwa ya ng'ombe, hayo ya unga ni ya watu wasio na ng'ombe." Mume wangu anacheka tu, anasema tutampanga na kumweleza akifika. Sitaki kuitwa mke mkaidi, lakini pia sitaki kumzika mwanangu. Nimtii mume wangu au niseme?

Mama Elia, Grand Prairie

---

Mama Elia,

Pole sana, mwanangu. Nilipofika pale uliposema asante, nilitamani kutoka hapa Houston nije nikutikise mabega, kisha nikukumbatie, kwa sababu najua uliogopa. Ila huruma yangu haitamsaidia Elia, kwa hiyo sikiliza.

Leo hii, kabla ya kumaliza kusoma, piga simu kliniki uwaambie alinyonya maziwa ya mama mwingine, na mengi. Usipowaambia hawajui wapime nini. Na hiyo hofu ya kunyang'anywa mtoto iache. Hakuna atakayekushangaa kwa sababu rafiki alimnyonyesha mtoto aliyekuwa analia. Watakushangaa wakigundua ulijua ukanyamaza.

Sasa nikueleze, ili nawe uweze kuwaeleza wengine. Mwili haupumziki hata tukilala. Chakula kinavunjwa, kingine kinachomwa tupate nguvu, kingine kinajenga nyama na mifupa, na mabaki yanatolewa nje. Kazi hiyo yote ndiyo wataalamu wanaita metaboli, na inakwenda hatua kwa hatua, kila hatua na kimeng'enya chake, kama mfanyakazi wake. Sukari ya maziwa inagawanywa vipande viwili tumboni. Kimoja kinatumika vile kilivyo. Cha pili ni lazima ini likigeuze kwanza, na kimeng'enya cha kukigeuza ndicho Elia hana. Bila shaka una jamaa wanaofanya kazi ghalani, waulize: mtu mmoja kwenye mstari asipokuja na mizigo ikaendelea kuletwa, inakuwaje? Inarundikana mpaka hapapitiki. Kwa Elia inarundikana kwenye ini, kwenye macho, kwenye ubongo. Na maziwa ya mama yana sukari hiyo nyingi kuliko hata ya ng'ombe. Titi la Moraa lilikuwa la upendo mtupu, na kwa mwanao lilikuwa sumu.

Moraa hana kosa. Alimwona mtoto ambaye kwa macho yake mwenyewe ananyonya kila Jumapili, akafanya alivyolelewa kufanya. Nani alimfundisha kwamba Elia anaweza kunyonya? Ni wewe, bibie, na maigizo yako. Ulificha ugonjwa usisemwe, ukawa umemwondolea mtoto walinzi wote. Mwite Moraa mwambie ukweli, kisha wote wawili mwende kwa wale akina mama mseme waziwazi kwamba huyu haguswi na maziwa ya aina yoyote, wala biskuti, wala dawa bila kukuuliza, hata akikua. Watasema. Waache waseme, ila wajue.

Kuhusu ukoo, daktari amekwisha kukujibu: imetoka kwenu wawili. Kila mmoja alibeba nusu ya kasoro bila kujua wala kuugua, mkakutana. Hapo hakuna laana na hakuna wa kushtakiwa. Mimba nyingine ikija, waambieni madaktari mapema.

Umeuliza umtii mume wako au useme. Katika hili usimtii. Mwambie kwa heshima, ukiwa umekaa, na usiombe ruhusa. Mama mkwe asisubiri kuambiwa akiwa amechoka na safari na sufuria iko jikoni. Nunueni kadi ya simu, mpigieni angali Kisii, na azungumze mume wako, maana ni mama yake. Akifika, mpeleke kliniki aelezwe na daktari wakati wewe ukimtafsiria. Mpaka aseme mwenyewe kwa kinywa chake kwamba ameelewa, usirudi kazini.

Na mume wako akikataa, mpe gazeti hili asome hapa. Baba Elia, mama yako akiambiwa ukweli atalia, atauliza maswali, pengine atanuna wiki nzima, kisha atamlea mjukuu wake. Asipoambiwa, atamchemshia maziwa kwa mapenzi yote aliyo nayo, atampa kijiko kwa kijiko huku akimwimbia, na wewe ndiye utakayemweleza baadaye ni nini alichokuwa akimpa.