Tagi Iliyofutwa, Duara Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi
Nimefuta vumbi kwenye kompyuta, nimekunywa chai ya jana, nimerudi kwenye ukurasa wa mtandaoni ninaokitengenezea kikundi cha wachimbaji. Kila alfajiri ukurasa utasema duara lipi, yaani shimo lipi la kuchimbia, ni salama kushuka na lipi ni hatari. Sasa wanaandika kwa chaki kwenye ubao. Masika imeanza, mvua inausoma ubao kabla ya wachimbaji.

Niamue lugha ya kuuandikia ukurasa: HTML au XHTML. HTML inasamehe. Ukisahau kufunga tagi, zile alama zinazoyabana maneno mwanzo na mwisho, inakisia ulichotaka na kuendelea. XHTML haisamehe: tagi moja ikibaki wazi, ukurasa wote unagoma. Walioenda chuo wameiacha zamani. Mimi nilijifunza kwa kitabu cha mtumba, kimenyofoka jalada, nilichonunua mtaani Kambarage. Kilisema XHTML ni ya watu wenye nidhamu. Nimechagua XHTML. Cheti sina, angalau niwe na nidhamu.

Jumatano, 5 Machi
Nimemfundisha Mama Kulwa, katibu wa kikundi, kuandika taarifa kwa simu yake, humo humo katikati ya tagi. Yeye ndiye anayekagua maduara. Anashika haraka. Akauliza, "Nikikosea je?"

"Usikosee, mama."

"Hata padri husema tusitende dhambi, baba. Lakini kitubio kipo."

Nikacheka. Sikubadilisha kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Ubao umeng'olewa. Mwenyekiti wa kikundi ameutumia kuezekea banda la kuku. Mdogo wangu Shija, anayechimba namba nne, ameniambia, "Kaka, sasa tukifa tutafia mtandaoni." Wenzake wakacheka. Mimi kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Mvua tangu jana. Sijaenda kanisani. Nimefungua ukurasa mara sita. Uko sawa. Nina wasiwasi, sijui wa nini.

Jumatatu, 10 Machi
Saa moja asubuhi nimefungua ukurasa. Ujumbe wa kosa kwa Kiingereza, chini yake weupe mtupu. Nimempigia Mama Kulwa. Anasema aliandika mapema: namba nne HATARI, ukuta una ufa. Alifanya kama ubaoni. Pale hufuta mwisho wa mstari kwa kiganja, "salama" inaondoka, anaandika neno jipya. Kwenye simu kafuta mwisho wa mstari vilevile. Tagi ya kufunga imeondoka na "salama".

Nikamwambia hakuna aliyeisoma. Nikasikia anakimbia.

Shija hapatikani. Chini ya ardhi hakuna mtandao, najua, nikapiga tena. Nikarudisha tagi, nilikosea mara mbili. Kisha bodaboda kutoka kwangu Kalangalala, dereva anateleza kwenye tope na kunihadithia habari za mpira.

Nimemkuta Mama Kulwa mdomoni mwa duara, anavuta kamba na wanaume wawili, kanga imemdondoka, hajali. Chini walikuwa wanne. Akatoka wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kamba ikarudi chini. Sijawahi kuchukia kamba hivyo. Shija akatoka wa mwisho.

Hatujamaliza kupeana mikono, ukuta ukaporomoka.

"Tuliona Kiingereza," Shija akasema, "tukajua ni tangazo la biashara. Tukashuka."

Jumanne, 11 Machi
Kikao. Mwenyekiti anataka Mama Kulwa avuliwe ukatibu. Kazeeka, anasema, simu haijui. Mama Kulwa alikuwa anatazama miguu yake. Nilitamani kunyamaza. Nilitamani sana, nina kazi nyingine mbili zinazopitia kwa mwenyekiti huyu. Nikasimama. Nimesema kulikuwa na lugha mbili, moja inavumilia kosa, nyingine haivumilii, na nilichagua ya pili ili nionekane fundi.

Mwenyekiti: "Kwa hiyo ulijua?"

Nilijua.

Mama Kulwa amebaki. Ubao unarudi pia, chini ya paa. Kuku watajijua. Kazi zangu mbili zimekwenda kwa mtu mwingine.

Jioni nimeandika ukurasa upya kwa HTML. Nimefuta tagi za kufunga kwa makusudi, kuujaribu, moja baada ya nyingine. Ukafunguka kila mara.

Ijumaa, 14 Machi
Manyunyu. Mama Kulwa ameandika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimechungulia ndani: ameacha tagi tatu wazi. Sikumwambia. Namba nne na namba saba, HATARI, inasomeka vizuri. Nimempigia Shija akapokea mara moja. Yuko shambani, anapalilia mahindi na mkewe. Anasema ameusoma ukurasa. Nikamwachia mahindi yake, nikakata simu.