Herufi ya kwanza, kilomita ya 61

Jumatatu, 2 Machi 1987
Leo nimewagawia fomu makapita, wasimamizi wa vibarua wa njia ya reli. Kumi na mmoja, wote na kofia kichwani ndani ya ofisi! Nilianza kwa Kifaransa. Wananitazama tu. Bon, nikashuka hadi Kiswahili chao: kila traverse, gogo la kulalia reli, “muzuri ao bovu”, tieni herufi ya kwanza, basi. Miaka minne Ubelgiji, tasnifu nzima juu ya kupanga matengenezo ya reli kwa kompyuta — na hiki ndicho ninachofundisha. Alfabeti!

Papa Assumani wa kilomita ya 61 akainua mkono. Herufi ya kwanza tu? Tu, papa! Akashukuru sana. Mtu hushukuru nini hapo?

Ijumaa, 13 Machi
Fomu zimerudi, zina mawese na matope, lakini zimejazwa. Nimeziingiza mwenyewe kwenye kompyuta, secrétaire anaogopa mashine itampiga umeme. B ni bon, nzuri, M ni mauvais, mbaya, mashine inachagua pa kubadilisha kwanza. Na imenifichulia mtu! Kilomita ya 61, kwenye kona juu ya mto: B, B, B. Na Assumani huyo huyo kila mwaka anamlilia Directeur kwamba traverse zake zimeoza! Anataka zile za zamani ziwe kuni za kupikia, mwongo yule. Kilomita ya 20, ambako kapita hajawahi kulalamika: M tupu. Mvivu. Reli yetu basi iko mikononi mwa mwongo na mvivu.

Jumatatu, 16 Machi
Directeur ameupigia makofi mpango wangu. Alisoma jalada tu. Suti mpya ya abacost, kichwa kile kile. Traverse zote mpya za mwaka huu zinakwenda kilomita ya 20. Mbele ya watu nikamwambia Assumani: papa, mashine haidanganywi. Alianza kusema kitu juu ya kile alichoandika. Nikamkata. Watu wakacheka. Nilifurahi, kwa nini nifiche.

Jumapili, 5 Aprili
Félicité amevuka mto kupanda treni ya Ubundu, kumchukua mama yake. Kwenye karatasi za chama, kinachokataza majina ya Kizungu, mke wangu hana jina hilo. Nyumbani hana jingine. Anarudi Alhamisi. Ameninunia kwa sababu sikumsindikiza. Nina kazi, mimi!

Jumatano, 8 Aprili
Assumani amekuja ofisini. Siku mbili kwa miguu. Kwapani kipande cha traverse. Akakiweka juu ya meza yangu, kikamomonyoka, mchwa wakatoka.

— Hii ni ya kwangu, ingénieur. Nimepita kilomita ya makumi mbili, batu banatoa za muzuri, ngumu kabisa! Juu ya nini?

— Uliandika B, papa! Mkono wako huu hapa.

— Ndiyo, B. Bovu. M ni muzuri. Si ulisema herufi ya kwanza?

Nilikaa. Nilisema, kweli. Kwa Kiswahili, kwa mdomo wangu mwenyewe! Na yeye aliandika sawasawa nilivyomwambia.

Nikaenda kwa Directeur. Eti citoyen, mpango umeshafika Kinshasa, Kinshasa imeshapongeza, ordinateur, mashine ile, haiwezi kukosea. Nikasema aliyekosea ni mimi. Akacheka, akaniambia nikapumzike. Mpumbavu! Lakini kosa langu nililisema kwa sauti ndogo. Na nilipotoka nilisikia nafuu kwamba hakuniamini. Aibu gani hii.

Alhamisi, 9 Aprili
Stesheni, rive gauche, ng'ambo ya kushoto ya mto. Mvua tangu jana jioni, mto utakuwa umejaa chini ya ile kona, na traverse zilizooza hazitabeba treni. Treni imetoka Ubundu saa kumi na mbili, Félicité na mama yake wamo. Mtu wa phonie, redio ya stesheni, anaita vituo vya njiani, hakuna anayejibu. Na hata wakijibu, treni haisimamishwi bila karatasi yenye saini na sababu.

Nikaandika: kosa la kapita wa kilomita ya 61.

Nimeandika hivyo kweli. Assumani alikuwa amesimama nyuma yangu, akasoma polepole, neno kwa neno. Hakunigombeza. Aliomba tu kigari cha relini cha kusukuma kwa mikono na kitambaa chekundu cha kuisimamisha treni. Nikasema nakuja naye.

— Hapana, ingénieur. Weye baki, uandike.

Akaondoka saa moja na nusu, na vijana wawili wa kusukuma. Nikaichana ile karatasi. Nyingine ina jina langu na kosa langu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mtu wa phonie anaita bado. Ubundu, Ubundu.

Sasa ni saa nne kamili. Nimepiga hesabu mara tatu: treni itafika kwenye kona saa nne na robo, Assumani saa nne na nusu. Sijawahi kukosea hesabu ya namna hii. Mungu wangu, hesabu hii iwe B — B ya Assumani.